La na Ya

Mimi karani. Kazi yangu kuandika,
si kuuliza.
Miaka kumi na miwili nimo Baraza la Mji, Wete,
meza yangu ina mguu mmoja mfupi
nimeutilia gazeti.

Mkasi Shehe Tani alikuja Jumanne,
masika hayajakata,
kashika mfuko wa plastiki, na ndani yake
kitambulisho, kadi za kliniki za watoto wawili,
na ufunguo wa nyumba
ambayo kuta zake za udongo zililala chini usiku wa Ijumaa
zikauacha mlango umesimama.
"Mlango niliufunga," akaniambia,
kama mtu anayetaka ijulikane kwamba hakukosea.

Fomu ina maswali kumi na tisa.
La nne: mtaa na namba ya nyumba.
La tano: saini ya sheha wa shehia unayoishi.
Sheha wa Bopwe kasema, huyu keshahama.
Sheha wa Jadida kasema, huyu hajahamia.
Baina ya mihuri yao miwili kuna mtaro tu,
na kwa makaratasi yetu
Mkasi anaishi mtaroni.

"Unalala wapi?" nikauliza, na si kazi yangu.
"Barazani."
Nikainua kichwa. "Baraza hili?"
"Baraza ya Asaa, muuza vitambaa.
Akifunga duka natandika.
Ikiadhiniwa alfajiri nimeshakunja.
Mdogo namlaza upande wa ukuta."

Basi ndiyo hivyo:
mimi naajiriwa na baraza la,
yeye analala kwenye baraza ya.
Na hiyo la yetu watu wanaijua zamani,
wamekuja na mafaili wakaondoka nayo.
La, hakuna fungu.
La, njoo baada ya bajeti.
La, Mkurugenzi yuko Unguja.

Swali la nne nikalijaza kwa wino mweusi:
Baraza.
Sikuongeza kitu. Karani hasemi uongo.

Alkhamisi, kikaoni, walipofika kwenye jina lake
Mwenyekiti akavua miwani.
"Anwani, Baraza? Baraza gani?"
Mmoja akacheka. Kicheko kikakosa mwenza.
Diwani Bihindi, ambaye husuka ukili vikao vyote
na husema mara mbili kwa mwaka,
akasema: "Kama kaandikwa anakaa hapa,
tumtafutie chumba. Kile cha ushuru wa soko kina nini?"

Kina panya, akajibiwa.
Kina vitabu vya risiti tangu shilingi ilipokuwa shilingi.
Na tukimpa huyu, kesho watakuja arubaini.

"Waje," akasema, na ukili haukusimama mkononi.
"Hao arubaini wapo leo.
Nyinyi mnataka wawe wapi ndiyo msiwaone?"

Ufunguo haukuonekana. Jumamosi kufuli likakatwa kwa msumeno,
fundi Kombo akataka elfu tano yake
na mpaka sasa anaidai.
Miezi sita, kauli ya kikao; kodi elfu kumi;
bati mbili zibadilishwe; masheha wote wawili waitwe.
Si jambo kubwa. Najua.
Choo kiko upande wa pili wa soko,
usiku mtu anakwenda na tochi.

Mkasi alifagia mchana kutwa.
Ule ufunguo wa zamani kautundika msumarini.
Haufungui kitu.

Jana, nikitoka sala ya Isha, nikapita kwa Asaa.
Baraza haikuwa tupu.
Mwanamme na mtoto wa kiume,
viatu vya baba ndiyo mto wa mwana.
Akaanza kukusanya virago, akidhani nimekuja kumfukuza.

Kalamu ninayo, fomu sina.
Nikaliandika jina lake kiganjani, Shaame Kai,
manyunyu yakalifuta nusu.
"Jumatatu," nikamwambia, "asubuhi,
njoo pale Baraza ya Mji."

Nikalisikia kosa langu.
Sikulirekebisha.